Matenki Arobaini na Moja ya Shangazi Scolastica

Arusha, 14 Februari 2010

Shangazi Scolastica,

Shikamoo. Mfikishie Bibi Verediana shikamoo yangu pia, umwambie shuka alilonipa ndilo linaloniokoa na baridi ya huku Ngaramtoni. Mimi mzima. Kazi inaendelea vizuri, wateja ni wengi.

Nimekupigia simu wiki nzima. Mwanzoni iliita bila kupokelewa, siku hizi naambiwa haipatikani. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii nampa kondakta wa basi la Dongobesh, yule mwenye kofia ya sufu.

Habari kubwa ni kwamba tovuti yako iko hewani! Mtu yeyote, awe Dodoma au Kanada, akitafuta fundi wa matenki ya maji ya mvua wilaya za Mbulu na Hanang, atakukuta. Nimeiandika kwa Kiingereza ili iwe na hadhi. Jina la Scolastica Fundi Tenki nimeliona jepesi, kwa hiyo nimekupa jina la kampuni, refu kidogo. Juu nimeweka picha ya maporomoko ya maji. Chini kabisa kuna fomu: mtu anajaza jina na swali lake, linaingia kwenye barua pepe yangu. Chini ya fomu, kwa herufi ndogo, nimeweka namba yako ya simu.

Kuna jambo moja tu. Katika wiki tatu wametembelea watu sitini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu. Wewe unaonaje? Mimi nafikiri tuongeze muziki.

Mwanao,
Yoakimu

*

Dongobesh, 3 Machi 2010

Yoakimu mwanangu,

Marahaba. Bibi yako anaitikia na anauliza kama unakula. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mahindi yanakwenda vizuri. Perpetua mwenzangu wa kazi ameozesha binti yake, tumekula pilau mpaka tukaanza kusaidiana kuinuka.

Kuhusu simu. Simu yangu imo kwenye sakafu ya tenki la zahanati moja huku bondeni. Niliinama kusawazisha zege, ikatoka mfuko wa kifuani. Sikuona. Perpetua akamwaga ndoo nyingine juu yake, tukashindilia. Tuligundua ilipoanza kulia chini ya miguu yetu. Perpetua alidhani ni mzimu, akapanda ngazi na ndoo kichwani. Kumbe ulikuwa wewe.

Kwa hiyo namba uliyoitangazia dunia ni ya simu iliyozikwa.

Nilikwenda kwa Padri, ana kompyuta, akanifungulia hiyo tovuti. Ameisoma kwa sauti, akanitafsiria: "Tunatoa masuluhisho bunifu ya rasilimali maji kwa wadau." Nikamwuliza, "Padri, huyu anafanya kazi gani?" Padri akasoma tena, akasema, "Kwa kweli sijui." Na mimi ndiye ninayeifanya! Kisha hayo maporomoko. Nani amewahi kuniomba nimjengee maporomoko?

Hao watu sitini na wawili hawakukosa muziki. Walibisha hodi, akatoka mtu asiyesema anauza nini. Andika Kiswahili. Andika kwamba najenga tenki la saruji linalokinga mvua inayoteremka kwenye bati la nyumba yako. Lita elfu tano, elfu kumi, elfu ishirini. Nafika Mbulu yote na Hanang yote. Siku ngapi, na mwenye nyumba aandae nini. Mtu anayetafuta maji hana muda wa kusoma mashairi.

Ule mradi uliokuwa unatupa kazi umefunga ofisi tangu mwaka jana, hilo unalijua. Mwezi huu sina tenki hata moja la kujenga.

Unasema wateja wako ni wengi. Ni akina nani? Hukusema.

Shangazi yako,
Scolastica

*

Arusha, 2 Aprili 2010

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka inayokuja. Pole sana kwa simu. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta, lakini pole.

Nimefanya ulivyosema. Kiswahili kitupu, lita, wilaya, siku. Maporomoko nimeyatoa. Mahali pake nimeweka picha yako, ile uliyopigwa siku ya kipaimara umeshika mwiko, unacheka, na kitenge cha njano.

Shangazi, yameingia maulizo tisa! Nimeyachapa, yamo humu kwenye bahasha. Ningeomba uyasome ukiwa umekaa.

Saba ni posa. Mzee wa Singida anauliza kama fundi ameolewa. Mwingine wala hakuuliza, amesema tu kwamba yeye ana ng'ombe kumi na wanne na hanywi pombe siku za kazi. Wa nane anauza saruji. Wa tisa anaitwa Alfredi, wa Basotu, zamani alikuwa fundi wa kombaini kwenye mashamba ya ngano, sasa anafuga nyuki. Binti yake aliyeko Dodoma ndiye anayemwandikia. Ametuma maswali kumi na manne. Nimemwona msumbufu, nimemweka pembeni.

Nimeongeza pia maneno machache ya kuipa kampuni nguvu. Ndivyo wanavyofanya wote huku.

Mwanao,
Yoakimu

*

Dongobesh, 25 Aprili 2010

Yoakimu,

Marahaba. Tu wazima, isipokuwa Bibi yako amepata kikohozi cha kucheka. Barua ya yule wa ng'ombe kumi na wanne amenitaka niisome mara tatu. Kisha akaniuliza, "Hakusema ni wa maziwa?"

Toa uso wangu. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na nane, si biskuti ya kuwekwa dirishani. Weka tenki. Kama lazima nionekane, nionekane mgongo, niko kwenye ngazi, napiga plasta.

Sasa sikiliza. Huyo uliyemwita msumbufu ndiye mteja pekee katika wale tisa. Asiyetaka kununua haulizi maswali kumi na manne. Anauliza bati lake la miteremko miwili litajaza lita ngapi. Anauliza kama maji yatanuka, kama panya ataingia, kama nyuki wake watazama. Nimekaa jioni mbili nikimjibu yote, majibu haya hapa. Maji hayanuki kama mvua ya kwanza imeachwa ikaoshe bati. Panya haingii, naweka wavu. Nyuki wawekewe sahani ya maji kando, penye kivuli, hawatahangaika na tenki. Mtumie, kisha uyaweke maswali na majibu kwenye tovuti, kwa sababu anayouliza yeye wanayauliza wengine kimoyomoyo, halafu wanaondoka.

Swali la kumi na nne, kwamba je, kuna tenki langu lililowahi kupasuka, hilo niachie kwanza.

Nimenunua simu nyingine. Namba nimeiandika nyuma ya barua hii. Iweke juu kabisa, kubwa, babu asiye na miwani aione. Na fomu yako, mtu akijaza, mjibu siku hiyo hiyo.

Hayo maneno ya nguvu ni yapi? Na wateja wako nilikuuliza.

Scolastica

*

Arusha, 20 Mei 2010

Shangazi,

Shikamoo. Nina haraka, basi linaondoka. Yote tayari: namba juu, tenki katikati, wewe mgongo kwenye ngazi. Maswali ya Mzee Alfredi yote kumi na manne yamewekwa na majibu yake. Perpetua ameniambia kwa simu kwamba watu wanne wamepiga na wawili mmeshawaanzia kazi. Unaona!

Wasalimie wote.

Yoakimu

*

Dongobesh, 11 Julai 2010

Yoakimu,

Bibi yako mzima. Ng'ombe wazima. Baridi ni kali. Salamu zimeisha.

Alhamisi alikuja mwanamke na gari la shule, Mwalimu Judica, mkuu wa sekondari moja ya wasichana upande wa Hanang. Wasichana wake mia mbili wanachota maji bwawani kabla ya masomo, bwawa moja na mifugo. Alikuwa na daftari. Nilimkaribisha chai, akakataa kwa heshima, akasema, "Nimesoma kwenye mtandao kwamba mmejenga matenki mia tatu. Nionyeshe matano yaliyopita miaka mitano."

Nikasema, "Mia tatu ya nani?"

"Ya kwenu, Mama. Imeandikwa."

Yoakimu, ningeweza kutikisa kichwa tu. Perpetua alikuwa ananikonyeza kwa macho yote mawili. Nikasema, "Nimejenga arobaini na moja."

Akafungua ukurasa mwingine. "Na hapa, swali la kumi na nne. Mmejibu kwamba hakuna tenki lenu lililowahi kupata ufa."

Kisha nikasema, "Moja lilipasuka."

"Wapi?"

"Tlawi."

Akafunga daftari. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema, "Mama, mngeandika hivyo, leo ningewapa kazi." Akaingia kwenye gari.

Nimekaa siku tatu ndipo nikaandika barua hii, ili nisiandike ile ya siku ya kwanza. Swali la kumi na nne nililiacha kwa sababu niliona haya. Nafasi niliyoiacha wazi, wewe umeijaza kwa uongo. Makosa ni mawili, moja langu. Lakini hayo mia tatu ni yako peke yako. Uliyatoa wapi?

Scolastica

*

Dongobesh, 22 Agosti 2010

Yoakimu,

Wiki sita. Kama umekufa, tuambie tuje. Kama hujafa, andika.

Shangazi

*

Arusha, 30 Agosti 2010

Shangazi,

Shikamoo. Sijafa. Barua hii ni ya nne, tatu nimezichana.

Kafe ya intaneti niliyokuwa nafanyia kazi ilifungwa mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Sikumwambia Baba, sikumwambia yeyote. Nauza vocha za simu karibu na stendi, na jioni naomba kompyuta ya rafiki yangu mmoja. Uliniuliza mara mbili wateja wangu ni akina nani. Mteja wangu ni wewe, Shangazi. Hakuna mwingine.

Tovuti yako nilikuwa nazunguka nayo madukani. Namwambia mwenye duka, tazama kazi yangu, na wewe nitakutengenezea kama hii. Nikaona idadi yako ya kweli ni ndogo, watu hawatashtuka. Nikaandika mia moja. Wiki iliyofuata nikaandika mia tatu. Hakuna aliyeshtuka hata hivyo.

Barua yako ya Julai niliisomea palepale stendi, nikasahau kumrudishia mtu chenji yake, akanifuata mpaka ng'ambo ya barabara. Wewe umejenga arobaini na moja na moja likapasuka. Mimi nimejenga moja, na hiyo moja ndiyo yenye ufa. Nimeufuta uongo wote. Pale kwenye swali la kumi na nne sasa pako wazi. Siwezi kupajaza mimi. Nisamehe.

Yoakimu

*

Dongobesh, 12 Septemba 2010

Yoakimu mwanangu,

Marahaba, marahaba. Bibi yako nimemsomea barua yako yote, akasema kuuza vocha ni kazi, kuficha ndiyo si kazi. Baba yako utamwambia mwenyewe, lakini nimeshampikia chai nzuri mara mbili nikaanza kumtayarisha. Hana neno. Alidhani umeoa kwa siri.

Jibu la swali la kumi na nne hili hapa. Liandike kama lilivyo, usilipambe.

"Ndiyo. Moja. Ni Tlawi, kwa Bwana Gerald, mwaka 2006. Tenki likishapigwa plasta hunyweshewa maji wiki mbili, kama mche, saruji isikauke haraka. Siku ya tano niliondoka kwenda harusini, nikamwachia Gerald amwagilie. Gerald naye akaenda mnadani. Jua lilikuwa kali. Mvua zilipoanza, tenki lilipasuka juu mpaka chini, maji yote yakaishia kwenye maharage. Niliwaambia watu mchanga ulikuwa mbaya. Mchanga ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu kazi ilikuwa yangu. Nililivunja, nikajenga jingine kwa saruji yangu, nalo liko mpaka leo, nendeni mkaligonge. Tangu hapo sitoki kwenye kazi mpaka siku ya kumi na nne iishe. Ndiyo maana nachelewa kuliko mafundi wengine."

Chini yake andika vijiji vyote yalipo matenki yangu, na kila kijiji yako mangapi. Nimekuorodheshea. Mtu akitaka kuhesabu, akahesabu.

Nimemwuliza Gerald kama jina lake liandikwe. Amesema liandikwe, ila lile neno la mnadani tuliondoe. Nimekataa.

Shangazi yako,
Scolastica

*

Arusha, 10 Oktoba 2010

Shangazi,

Shikamoo. Baba nimempigia. Tumeongea dakika arobaini, thelathini alikuwa ananyamaza, lakini hakukata.

Sikuongeza hata nukta. Ukurasa wa tenki la Tlawi unasomwa kuliko kurasa nyingine zote tukizijumlisha. Wiki tatu hizi yameingia maulizo kumi na moja, yote ya matenki. Kumi nimekutumia kwa ujumbe wa simu siku hiyo hiyo. La kumi na moja nalinakili hapa: "Naona sasa mmeandika. Tunahitaji mawili ya lita elfu ishirini kabla ya mvua. Njooni. Judica."

Mzee Alfredi naye ameandika, kwa mkono wake safari hii, kwamba jibu alilosubiri tangu Machi amelipata, na ana swali la kumi na tano, ila hilo atamwuliza fundi mwenyewe.

Na hapo, Shangazi, na mimi nina swali langu. Tenki ulilomjengea Mzee Alfredi ni la lita elfu kumi. Lilikwisha wiki iliyopita. Perpetua anasema tangu hapo umeshapita Basotu mara nne. Unakwenda kunywesha nini, tenki ama yeye?

Nimepata mteja. Fundi cherehani, mama mmoja mkali anaitwa Imakulata. Nilikaa dukani kwake siku nzima nikimwangalia anavyokata, nikasikiliza watu wanamwuliza nini, kabla sijaandika neno. Swali lililoulizwa zaidi ni "Lini itakuwa tayari?" Nimeanzia hapo.

Mwanao,
Yoakimu

*

Shuleni, Hanang, 5 Desemba 2010

Yoakimu mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa kwenye stoo ya shule, juu ya mfuko wa saruji. Bibi mzima. Barua yako ya Oktoba sikuijibu kwa sababu ya kazi, na kwa sababu ya swali lako, ambalo halikuwa na adabu.

Jibu ni kwamba Alfredi anakuja Dongobesh na wazee wake tarehe ishirini na saba. Alikuwa ameshika ngazi, mimi niko juu naweka wavu, akaniuliza hapo hapo. Nikamwambia asubiri nishuke, mambo hayo hayajibiwi kwa mgongo. Niliposhuka nikamwuliza mimi maswali, na yangu hayakuwa kumi na manne, yalikuwa zaidi. Alijibu yote. Lile la mke wake wa kwanza, aliyefariki, alilijibu polepole, na hakujitetea. Nikakubali. Nina raha, Yoakimu. Usimwambie Perpetua kwamba nimeandika hivyo.

Sasa nikueleze mambo ya hapa. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatano, tukaiacha iende, ioshe bati. Ya pili ilianza juzi saa nane mchana, wasichana wakiwa darasani. Tukafungulia mfereji uingie kwenye matenki. Mwalimu Judica akatoka ofisini bila mwavuli. Akaweka kiganja ukutani, akaanza kulizunguka tenki la kwanza, taratibu, kama daktari. Akazunguka la pili. Mimi na Perpetua tulikuwa tumesimama tumeshikana mikono kama wanafunzi waliochelewa. Akarudi la kwanza, akainama, akafuta kiganja, akapapasa mpaka chini kwenye msingi ambako mvua haifiki. Akanionyesha kiganja. Kikavu.

Akaenda kugonga kengele, na saa ya kutoka ilikuwa bado.

Walitoka mia mbili na ndoo zao. Wa mbele alikuwa msichana mwembamba wa kidato cha kwanza. Nikamwambia afungue koki mwenyewe. Akafungua, akakinga mikono badala ya ndoo, akanywa, akafikiri, akanywa tena.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Hayana ladha yoyote!" akasema, kama anayenishtaki.

Mwalimu Judica alicheka mpaka akavua miwani. Msichana hakuelewa tunacheka nini. Alijaza ndoo yake, akajitwisha, akaenda, na yule wa nyuma yake akasogea.

Shangazi yako,
Scolastica